Jina Ukingoni

Shangazi yangu wa Kwala husuka ukili wa ukindu akashona mikeka. Juzi mchuuzi wa mjini aliinunua mitatu, akaibandika alama yake, akaiuza kwa bei maradufu, si ya kulalia bali ya kutundikwa ukutani; kwani sebule za siku hizi zimeanza kuyarudia mapambo ya miti na majani. Aliyeyasuka hakutajwa.

Nilimsimulia habari za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa. Kanga zake, tangu karne ya 20 ilipokuwa changa, zilibeba maneno “Mali ya Abdulla”, na nguo yenyewe ikawa mpiga mbiu wake, kiunoni mwa wanawake na milangoni ilipofanywa pazia. Nikamshauri, kwa kiburi cha msomi, naye atie jina lake ukingoni kwa ukindu wa rangi.

“Mwanangu, wataka watu wakanyage jina la babu yako?”

“Utatundikwa, shangazi.”

“Basi huo si mkeka.”

Sikuwa na jibu. Tangu Bandari Kavu izinduliwe hapa Kwala Julai 2025, mimi huwaza mapambo ya ng’ambo yaliyomo makashani, yenye majina yasiyoona haya. Nilipoaga alinipa mkeka mmoja. Jina amelishona upande wa chini.