Volti mbili na nusu

Buyenzi, Jumamosi 4 Machi 2023

Binamu ameniachia bodi yake ya redio ya kompyuta. Bodi hukata mawimbi vipande na kuyapeleka kwenye kadi ya sauti. Kuchuja na kusikiliza ni kazi ya programu. Anasema imekufa. Mimi naona inakula umeme kidogo, haipati moto, na kwenye skrini inatoa ukungu mtupu bendi nzima ya 7 MHz. Nikichomoa antena, ukungu ni uleule. Basi tatizo liko ndani, na dawa yake ni mita.

Umeme mtaani umekatika tangu adhuhuri. Natumia betri ya pikipiki, tena haina kelele za chaja.

Jumapili 5 Machi

Nimepima kuanzia umeme unapoingia. Baada ya kidhibiti volti cha 7805 ni volti 5.01. Resista mbili zinazolingana zinaigawa nusu, 2.51. Nusu hiyo ndiyo inayobeba kila kitu: inaingia katikati ya transfoma ndogo ya antena, inapita kwenye swichi ya FST3253, inafika kwenye amplifaya. Bodi haina volti hasi, kwa hiyo wimbi lazima lipande na kushuka juu ya hiyo 2.5. Pini mbili za kutolea za amplifaya nazo zilipaswa kusoma hivyohivyo. Moja inasoma 0.7, nyingine 0.9. Zimelala sakafuni; wimbi halina pa kushukia.

Nikarudi nyuma mpaka pini ya 7 na ya 9 za swichi. Namba haitulii, nikisogeza kidole tu inaruka. Volti ikicheza hivyo, ujue hapo hapajashikwa na kitu. Kabla ya transfoma ipo 2.51, baada yake haipo. Kumbe amplifaya inasingiziwa.

Jumanne 7 Machi

Nimezima bodi, nikaweka mita kwenye mlio. Nikigusa waya wa transfoma ncha zote mbili, inalia. Waya haukukatika, na volti haipiti!

Jirani yetu Mzee, anayesuka upya mota za pampu, alipita kuomba lehemu akachungulia.

"Mwanangu, vanishi ya waya huo ilikwanguliwa?"

"Transfoma sikuifunga mimi, Mzee wangu."

"Basi usipime juu ya waya. Ncha ya mita inatoboa vanishi, inakudanganya. Pima shaba ya bodi ya huku na shaba ya bodi ya kule."

Nikapima alivyosema. Kimya. Lehemu imeuzunguka waya, inang'aa vizuri kabisa, na chini yake vanishi iko palepale.

Jumamosi 11 Machi

Nimetoa transfoma, nimekwangua kila ncha kwa wembe mpaka shaba ikawa nyekundu, nikaipaka lehemu kabla ya kuirudisha. Sasa pini ya 7 na ya 9 zinasoma 2.51 bila kuyumba, na pini za kutolea 2.48 na 2.54.

Binamu amekuja, anataka zile mbili zilingane kabisa. Nimemkatalia. Kila amplifaya ina tofauti yake ndogo kwenye pini za kuingizia. Ikiwa ni sehemu ya kumi tu ya milivolti, ukiikuza mara 500 inakuwa milivolti 50. Kapasita za mbele zinaizuia isifike kwenye kadi ya sauti. Tofauti ya volti nzima ni ya kusakwa mpaka ipatikane, ya milivolti ni ya kuachwa. Na ule mstari unaobaki katikati ya skrini haumsumbui mtu: unahamisha kitovu kilohezi kumi pembeni, unasikiliza.

Jioni bendi imefunguka. Tumesikia kituo kinachoanza na 5Z, Kenya hiyo, sauti safi. Kivuli chake upande wa pili wa skrini ni hafifu, programu itakipunguza.

Ndani ya kifuniko nimeandika 5, kisha 2.5 mara tatu: kabla ya transfoma, kwenye swichi, kwenye amplifaya. Kesho ni kichujio cha 14 MHz. Mzee anadai Fanta yake.