Ndiyo na Hapana Mlangoni pa Mwenyeji



Wiki hii binti mmoja wa parokia yetu, anayejiandaa kwenda kusoma nchini Hispania, alifika ofisini akiwa na daftari lake la lugha. Majina ya siku na miezi ameyashika, na sarufi anaimudu. Swali lake lilikuwa dogo: “Padre, wakinialika chakula nami siwezi kwenda, niseme nini wasiumie?” Nilijifunza Kihispania kiasi nikiwa seminarini, kwa wamisionari waliotoka huko, nikamjibu kadiri nilivyoweza. Baadaye niliona kwamba swali lake linatufaa sote, hata sisi tusiotarajia kuvuka bahari.

Kihispania ni lugha ya kuzaliwa ya watu wanaokaribia milioni 500, na hapa Afrika ni lugha rasmi ya Guinea ya Ikweta, iliyopata uhuru kutoka Hispania mwaka 1968. Lugha iliyoenea hivyo haiwezi kuwa na adabu ya namna moja. Hata hivyo, yako mambo ambayo mgeni akiyashika hataaibika mezani pa watu.

Tuanze na kukubali, maana ndilo jepesi. Mtu husema “Con mucho gusto”, yaani kwa furaha kubwa, au “Claro que sí”, naam, bila shaka. Kisha anashukuru: “Gracias por invitarme”, asante kwa kunialika. Rafiki wa rika lako utamwita “tú”. Mzee au mtu usiyemzoea utamwita “usted”, ingawa mipaka ya maneno hayo hubadilika kutoka nchi hadi nchi. Ni vema pia kuuliza “¿Qué llevo?”, nije na nini? Na mgeni aelewe saa: huko Hispania chakula cha mchana huliwa kwenye saa nane au saa tisa, na cha usiku saa tatu au hata baadaye. Mgeni wetu akifika saa moja jioni akidhani amewahi, atamkuta mwenyeji bado hajawasha jiko.

Kukataa kuna ngazi zake. Kwanza shukrani: “Muchas gracias por la invitación.” Pili, hamu pamoja na kizuizi: “Me encantaría, pero ese día no puedo”, yaani ningefurahi sana, lakini siku hiyo siwezi. Tatu, mlango unaoachwa wazi: “¿Qué tal la semana que viene?”, waonaje wiki ijayo? Sikio la Mswahili halitapata taabu hapa. Ule mwisho wa “-ía” katika “encantaría” unafanya kazi ya “-nge-” yetu. Unaeleza tamanio ambalo bado halijawa ahadi, kwa hiyo msikilizaji hukaa akingoja kusikia kama kuna “lakini” inayofuata.

Mwanaisimu César Félix-Brasdefer, aliyechunguza adabu ya kukataa huko Meksiko na Marekani katika kitabu chake cha mwaka 2008, ameeleza kwamba kwa Wameksiko mwenyeji anayekataliwa hutarajiwa kusisitiza. Kwao kusisitiza ni dalili kwamba mwaliko ulitoka moyoni. Mgeni naye hatakiwi kukasirika; hurudia shukrani zake na sababu yake kwa upole. Nasi je, hatujui “basi kunywa hata chai kidogo”? Vivyo hivyo, Mmeksiko anayekula akiona mtu anapita humwambia “¿Gusta?”, na mpitaji hujibu “Gracias, buen provecho”. Hiyo ni “karibu chakula” yetu. Pande zote mbili zinajua kwamba mara nyingi anayekaribishwa hatakaa, lakini asingekaribishwa kabisa angeona amedharauliwa.

Hapa ndipo penye hatari, huko na hapa kwetu. Kila lugha yenye adabu ina maneno laini ya kuahirisha. Mhispania husema “a ver si nos vemos un día”, tutaona kama tutakutana siku moja, na mara nyingi siku hiyo haina tarehe. Husema pia “si Dios quiere”, Mungu akipenda. Hata “ojalá”, neno lao la kutamani jambo litokee, lilitoka katika Kiarabu cha Andalusia, na ni ndugu wa “inshallah” tunayoisikia kila siku pwani. Ni maneno mazuri, mradi tusiyageuze kuwa pazia la kufichia hapana ambayo tumekwisha kuiamua.

Nakumbuka mjane mmoja aliyeandaa chakula baada ya Misa ya shukrani. Aliowaalika karibu wote walimjibu, “Tutakuja, mama.” Walikuja wachache sana. Jioni nilimkuta akigawa wali kwa majirani katika mabakuli. Hakulalamika. Alisema tu: “Wangeniambia, Padre, ningepunguza mchele.” Mchele ule ulikuwa wa mkopo.

Mwinjili Luka, katika sura ya 14, anasimulia mfano wa karamu kubwa. Tuwaangalie wale watatu waliokataa. Mmoja amenunua shamba, mwingine jozi tano za ng’ombe, wa tatu ameoa. Wawili wa kwanza waliomba radhi kwa maneno ya heshima kabisa; ni yule wa tatu tu aliyesema kwa ufupi kwamba hawezi kuja. Mwenye karamu aliwakasirikia wote. Walikuwa wamealikwa mapema, na udhuru wao ulitolewa wakati chakula kilikuwa tayari. Maneno matamu hayakuweza kurudisha chakula ghalani.

Ndiyo maana nilimwambia binti yetu ayakariri maneno yake yote ya Kihispania, lakini aongeze jambo moja ambalo halimo katika daftari: aseme mapema. “No puedo” inayosemwa Jumatatu ni heshima kwa mpishi wa Jumapili. Na kama amesema “con mucho gusto”, basi aende, hata mvua inyeshe.

Huenda miongoni mwetu kuna mwenye mwaliko aliouitikia kwa “tutaona” huku moyoni amekwisha kuamua kutokwenda. Ampigie mwenyeji leo, amshukuru, amweleze ukweli. Huenda bado hajapima mchele.

Nawatakia Dominika njema.

Padre wenu