Funga pazia: TV ya plasma iliyomtoa mama sebuleni

Kuna mume na mke wa Tabata, Dar es Salaam, ambao mpaka leo ukilitaja neno plasma mbele yao, mke anacheka na mume anajifanya anatafuta rimoti. Kisa chenyewe ni cha mwaka 2010, lakini mtu yeyote mwenye mpango wa kununua TV angefaa kukisikia kabla hajatoa hela mfukoni.

Mwaka ule Kombe la Dunia lilikuwa linachezwa Afrika Kusini, mara ya kwanza kabisa kwenye bara letu, na kila mwenye uwezo kidogo alikuwa anaiaga TV ya chogo. Ya kwao, inchi 21, ilishaanza kuleta rangi ya kijani kwenye kona moja. Mke alikuwa fundi cherehani. Alishonea hapohapo sebuleni, chini ya dirisha kubwa linalotazama magharibi, kwa sababu ndipo penye mwanga wa kutosha kutunga uzi. Mume alikuwa akitoka asubuhi na kurudi saa tatu usiku, siku sita kwa wiki.

Mwezi wa tano mke akapokea hela ya kijumbe. Akaiweka mezani yote, milioni moja na nusu.

"Baba watoto, ongezea na wewe kidogo tununue TV ya maana. Sitaki watoto waende kuangalia mpira mabandani usiku."

Jumamosi wakaenda Kariakoo. Duka lilikuwa refu na jembamba, halina dirisha hata moja, na taa zimepunguzwa. Ukutani TV mbili zilikuwa zinacheza diski moja: samaki wa rangi, maua, maporomoko ya maji. Moja plasma ya inchi 42, nyingine LCD ya inchi 32. Bei karibu sawa, maana kwa wakati ule ukitaka TV kubwa, plasma ndiyo iliyokuwa nafuu.

Mume alisimama mbele ya ile plasma akawa kama kapigwa shoti. Weusi ulikuwa weusi kweli. Samaki walikata maji bila kuacha ukungu nyuma yao. Ukisogea kushoto au kulia, picha ni ileile.

Muuzaji hakuwa muongo, na hilo lisemwe wazi. Aliwaeleza kwamba ndani ya plasma kuna vijichumba vidogo mno vya gesi. Umeme ukipita, gesi inatoa mwanga wa urujuanimno ambao macho hayauoni, mwanga huo unapiga unga maalum, na unga ndo unang'aa mwekundu, kijani au bluu. Kila nukta inawaka na kuzima yenyewe, kwa hiyo penye giza panakuwa giza. LCD haina mwanga wake. Ina taa kwa nyuma, na mbele ya taa kuna tabaka la kimiminika maalum linalofanya kazi kama vipazia vidogo vya kufungua na kufunga. Sasa pazia hata ukilifunga vipi, mwanga kidogo unapenya. Ndiyo maana weusi wa LCD ulikuwa unaelekea kwenye kijivu.

Mke akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja.

"Kaka, mbona nauona mlango wa duka humo ndani ya kioo?"

"Dada, hiyo ukishakolea kwenye picha wala huioni."

"Hapa kwenu giza. Kwangu kuna dirisha."

Mume akadakia haraka. "Mama watoto, si pazia zipo?"

Plasma ikapanda Bajaji, ikiwa imesimama wima, mume ameikumbatia kama mgonjwa.

Ijumaa tarehe 11 Juni, saa kumi na moja jioni, Afrika Kusini na Mexico wakafungua mashindano. Sebule ikajaa majirani. Jua la jioni likaingia moja kwa moja kupitia lile dirisha na kugonga kioo cha TV. Watu wakawa wanajiona wao wenyewe, na nyuma yao wanaona mwembe wa jirani, na katikati ya mwembe kuna wachezaji wanakimbia. "Jamani funga pazia!" akasema mmoja. Mume akainuka akafunga.

Mke alikuwa na magauni sita meusi ya kamati ya harusi, ya kuvaliwa kesho yake. Hakusema kitu. Alibeba cherehani yake, watoto wakambebea meza, akahamia kibarazani. Ndani mechi ikaendelea, na saa kumi na mbili na dakika chache, jua likiwa linazama, Tshabalala akapiga lile bao la kwanza la mashindano. Kwa giza lile plasma ilionekana kama dirisha la uwanjani. Kila mtu akaisifia. Mume alijisikia raha ambayo hajaisahau.

Nje, kwa mwanga uliokuwa unakufa, mke akachukua uzi wa bluu iliyoiva akidhani ni mweusi, akapinda nao mapindo ya magauni mawili.

Wenye sare waliona asubuhi. Uzi wa bluu kwenye kitambaa cheusi, juani, unaonekana kama mstari wa kalamu. Magauni yale mawili hayakulipwa salio lake.

Mashindano yakaendelea, na pazia likaendelea kufungwa kila mechi ya mchana. Halafu yakaanza mengine. Luku iliyozoea kumaliza mwezi ikawa inalia wiki ya tatu. Mtoto wa kwanza, wa darasa la sita, akaenda nyuma ya TV akasoma kibandiko: wati 230. Akapiga hesabu kwenye daftari: saa kumi kwa siku ni kama uniti mbili na nukta tatu. Hesabu yake ilikuwa ya juu kidogo, kwa sababu plasma hula umeme kulingana na picha, penye weupe mwingi inakula zaidi na penye giza inapungua. Lakini ujumbe ulifika.

Jioni moja baada ya fainali, mume alibadilisha chaneli na kukuta kona ya juu kushoto kuna kivuli cha mstatili mdogo. Kibao cha matokeo. Mwezi mzima kilikuwa kimekaa palepale, na unga wa kwenye vile vijichumba ulikuwa umechoka zaidi mahali hapo. Kitabu cha maelekezo kilikuwa kimeonya: usiache picha iliyosimama kwa muda mrefu, hasa TV ikiwa mpya. Kitabu kilikuwa bado kimo ndani ya nailoni yake.

Aliita fundi. Fundi akatazama, akasema kivuli cha namna ile mara nyingine hufifia ukiangalia vitu vya kuchanganya kwa siku nyingi, na mara nyingine kinabaki. Hakikuondoka chote.

Usiku huo ndipo maneno yalipotoka. Mume alianza kwa kulalamika kwamba TV inawashwa kutwa nzima. Mke akaingia ndani akarudi na lile gauni moja ambalo mwenyewe alikuwa hajalifuata, akalitandika mezani.

"Baba watoto, TV hii imenunuliwa na cherehani. Sasa cherehani imetolewa nje ili TV ikae ndani. Mimi sijakataa uangalie mpira. Nauliza tu, mwanga wa kushonea nikautafute wapi?"

Mume hakuwa na jibu. Jumapili iliyofuata alishinda nyumbani, na kwa mara ya kwanza akaona TV inavyotumika kwake. Mke anaiwasha asubuhi kama redio. Anaiangalia kwa pembeni akiwa amepiga kitambaa. Wateja wanakuja kupimwa, wanakaa kidogo, wanaangalia tamthilia. Watoto wanakuja na gemu, wanasimamisha mchezo wanaenda kula, picha imeganda palepale nusu saa. Yeye dukani alichagua TV ya saa mbili za usiku, taa zimezimwa. Nyumba yake ilihitaji TV ya saa kumi za mchana, dirisha limefunguliwa.

Plasma ilienda kwa mdogo wake mume, kijana aliyepanga chumba kimoja Kinondoni chenye kidirisha kama cha bucha. Yeye alikuwa mtu wa sinema za usiku tu. Alilipa laki tisa kwa awamu mbili, na aliipenda TV ile kwa miaka mingi, kivuli na yote. Hasara nyingine mume aliilipa mwenyewe kwenye mshahara, kidogo kidogo, akanunua LCD ya inchi 32 yenye kioo kisichong'aa.

Cherehani ikarudi dirishani.

Isije ikaonekana LCD ilikuja bila kasoro. Kwenye sinema za giza, weusi ulikuwa kama jivu. Mpira ukipigwa kwa nguvu ulikuwa unaacha mkia. Mtoto aliyekaa mkekani pembeni alikuwa anaona rangi zimepauka. Mume aliyasema yote hayo, na mke hakumbishia.

"Ni kweli, ile ilikuwa nzuri kuliko hii. Ila hii hainitoi sebuleni."

Miaka iliyofuata soko lenyewe likaamua. Panasonic, waliokuwa wakisifiwa sana kwa plasma, waliacha kuzitengeneza mwishoni mwa 2013, na mwaka 2014 Samsung na LG nao wakajiondoa. LCD zilikuwa zimekuwa kubwa na za bei nafuu, zinakula umeme kidogo, na hazisumbuliwi sana na mwanga. Na hizo TV zilizoandikwa LED zisikuchanganye: ni LCD zilezile, taa za nyuma ndo zimebadilishwa. Sasa kuna OLED, ambayo kila nukta inawaka yenyewe kama ilivyokuwa plasma. Weusi wake unakamata roho vilevile, na picha iliyoganda muda mrefu inaweza kuiachia kivuli vilevile. Watu wanasimama tena madukani kwenye giza, midomo wazi, wamesahau nyumba zao zilivyo.

Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani, kaa kwanza kwenye sebule yako saa tisa alasiri. Angalia jua linaingilia wapi. Hesabu TV inawaka saa ngapi kwa siku, sio saa zako tu, za kila mtu. Angalia watu wanakaa wapi, mbele au pembeni. Angalia ni kitu gani kinakaa kwenye kioo bila kusogea. Soma wati. Ukifika dukani omba waiwashe karibu na mlango, penye mwanga, na waweke mpira au taarifa ya habari badala ya samaki.

Yule mume siku hizi mtaani ndo anaitwa kusindikiza watu wakienda kununua TV. Wanamuuliza kampuni gani nzuri, inchi ngapi, ipi ina picha kali. Yeye, kabla hajajibu lolote, anauliza dirisha lao linatazama wapi, na mchana ndani huwa yupo nani.