Gesi ya Kiyoyozi Hailiwi Kama Petroli
Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Watu wengi, motokaa zao zinapoacha kutoa hewa ya baridi, husema neno moja tu: "Gesi imekwisha." Neno hili nimelisikia Handeni na nimelisikia Korogwe, tena kwa watu wazima wenye akili zao. Mara nyingi neno hilo si jibu, bali ni njia ya kukwepa kuuliza. Likizo iliyopita mjomba wangu alikuwa karibu kupoteza fedha za shamba kwa ajili yake.

Kwanza yafaa tujue kiyoyozi hufanyaje kazi. Sisi tunaosoma fizikia twajua kwamba kimiminika kikigeuka mvuke huchukua joto. Ndiyo maana mtu akitoka kuoga mtoni, akapigwa na upepo, husikia baridi hata kama jua ni kali. Katika motokaa, kompresa huzungushwa na mkanda wa injini, ikaikandamiza gesi mpaka ikapata moto sana. Gesi hupita katika kondensa, yaani ule wavu wa mirija ulio mbele ya rejeta, na hapo hupigwa na upepo, hutoa joto lake na kugeuka kimiminika. Kisha hupenyezwa katika tundu jembamba, ikaingia mirija iliyo nyuma ya dashibodi. Huko hugeuka mvuke tena na kunyonya joto la ndani ya gari, halafu hurudi kwa kompresa.

Basi mnaona kwamba gesi haichomwi wala hailiwi. Huzunguka tu ndani ya mabomba yaliyofungwa. Kwa miaka mingi huweza kupenya kidogo kidogo kwenye mipira, lakini ikipungua kila mwezi, hapana shaka pana tundu. Kuongeza gesi bila ya kuziba tundu ni kutia maji katika mtungi uliotoboka.

Mjomba ana gari ndogo ya kukodisha, naye huchukua abiria wa Handeni kwenda Korogwe, mwendo wa kilomita 65 hivi. Mwezi wa Desemba joto lilipozidi, wateja walianza kunung'unika, na wengine wakahamia gari nyingine. Alikwenda kwa fundi mmoja, akaongezewa gesi, akalipa. Siku ya tatu joto likarudi. Akaongezewa tena. Mara ya tatu akaambiwa kwamba kompresa imekufa, anunue nyingine. Fedha alizokuwa nazo zilikuwa za kukodi trekta na kununua mbegu za mahindi kabla ya masika. Mkewe alimwuliza, "Je, watoto watakula hewa ya baridi?"

Siku hiyo nilifuatana naye mpaka Korogwe, kwa fundi mzee aliyesifiwa na madereva. Tulimwamkia, akaitikia, lakini hakufungua boneti. Aliuliza kwanza.

"Hewa inatoka kwa nguvu?"

"Kwa nguvu, mzee, ila ni ya moto."

"Ni ya moto wakati wote?"

Mjomba alifikiri kidogo. "Hapana. Tukiwa njiani inapoza vizuri. Tukisimama stendi kupakia, ndipo joto linapoanza."

Mzee akacheka. "Basi kompresa yako si mfu, mwanangu. Maiti hafufuki kwa sababu barabara ni nzuri."

Alitueleza kwamba gari ikienda, upepo wa njiani huipoza kondensa. Ikisimama, kazi hiyo ni ya feni. Aliwasha injini na kiyoyozi, tukasikia kompresa ikishika, tak! Feni ya rejeta ilizunguka, lakini ya kondensa ilikuwa imesimama kimya. Kwa taa ya kupimia aliona kwamba umeme unafika. Waya unaourudisha umeme kwenye bodi la gari ndio uliokuwa umeliwa na kutu na kukatika kwenye nati. Aliufunga upya, akaiosha kondensa iliyojaa vumbi na nyasi. Halafu alipima kwa geji, akaona gesi imezidi kipimo, maana ilikuwa imeongezwa mara mbili bila ya kupimwa, na gesi ikizidi nayo huzuia baridi. Aliinyonya iliyozidi kwa mashine, wala hakuiachia hewani. Malipo yote yalikuwa sehemu ndogo tu ya bei ya kompresa, na mbegu za mahindi zikanunuliwa.

Tangu hapo nimeandika katika daftari langu utaratibu huu:

1. Hewa ikitoka kwa unyonge, tazama chujio na feni ya ndani.

2. Hewa ikiwa na nguvu lakini ni ya moto, sikiliza kompresa. Isiposhika, tazama fyuzi, rilei, nyaya na mkanda. Gesi ikipungua mno pia, swichi huizuia isishike.

3. Ikipoza mwendoni na kuacha ikisimama, tazama feni ya kondensa na uchafu.

4. Geji ikionyesha gesi ni pungufu, tafuta alama za mafuta kwenye viungo na upake povu la sabuni. Ziba kwanza, ndipo uongeze.

Lakini wenzangu, msifungue mabomba wenyewe. Gesi iitwayo R-134a, iliyo katika motokaa nyingi, huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, nayo huweza kuigandisha ngozi au jicho. Tena huongeza joto la dunia zaidi ya mara 1,000 kuliko uzito uo huo wa hewa ya ukaa. Ndiyo sababu mataifa yalikubaliana mjini Kigali mwaka 2016 kupunguza gesi za namna hii. Mapema zaidi, kwa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987, yalikuwa yamekubaliana kuhusu gesi zilizokuwa zikiiharibu tabaka ya ozoni, na mojawapo ilikuwa R-12, iliyotumika katika motokaa za zamani.

Mimi nimejifunza kwamba kitu kikiharibika, tusikimbilie kuuliza bei ya kipya. Tuulize kwanza: huharibika lini, na ni lini hakiharibiki? Mjomba alikuwa na jibu tangu mwanzo, kwa kuwa yeye ndiye aliyeendesha gari ile kila siku. Hakuna aliyekuwa amemwuliza.