Usaili wa Mbunifu Majengo Huanzia Nyumbani

Ndugu msomaji, zipo kazi ambazo mwombaji akiitwa kwenye usaili hutakiwa kujibu kwa kinywa tu. Ipo na kazi ambayo mwombaji hutakiwa kuja na kazi zake mkononi, aziweke mezani, azitazame pamoja na wale watakaompima, kisha aeleze kwa nini alizifanya hivyo na si vinginevyo. Kazi hiyo ni ubunifu wa majengo, ambao wengi wetu bado tunauita usanifu. Nimeifanya hapa Dar es Salaam kwa zaidi ya miaka ishirini, na mara nyingi nimeketi upande wa wanaouliza maswali. Leo napenda kuzungumza na wazazi, walezi na vijana wenyewe, kwa maana nimeona jamaa nyingi zikiisubiri siku ya usaili kwa dua na wasiwasi mwingi, lakini kwa matayarisho machache.

Jambo hili limefika hata nyumbani kwangu. Mwana wa kaka yangu, baada ya kuhitimu ubunifu majengo katika Chuo Kikuu Ardhi, aliishi nami Tabata miezi minane akitafuta kazi. Kila alfajiri alipiga pasi shati lilelile, akatia vyeti katika bahasha, akaenda mjini. Jioni alirudi, akasema, “Shikamoo, shangazi,” kisha akanyamaza. Majirani waliuliza, “Bado tu?” Baba yake, mkulima wa korosho huko Newala, alipiga simu kila Jumapili, naye hakuuliza ila swali hilohilo.

Usiku mmoja nilimwambia kijana alete hiyo bahasha yake tuifungue. Ndani mlikuwa na vyeti, barua na wasifu wake wa kurasa nne. Mchoro haukuwamo hata mmoja. Michoro, alinieleza, imo katika kompyuta, na wakiitaka atawaonyesha.

Hapo ndipo tulipoanzia. Mbunifu majengo hujulikana kwa jalada lake la michoro. Jalada jema si nene. Kazi nne au tano zilizokamilika zatosha kabisa: nyumba ndogo moja, jengo la umma moja, kazi moja iliyochorwa kwa mkono, na mchoro mmoja wa ujenzi unaoonyesha jinsi paa linavyokutana na ukuta. Kila kazi iwe na ramani ya sakafu, mkato wa jengo na vipimo vinavyosomeka. Picha za rangi zitokazo kwenye kompyuta zinapendeza, na ujuzi wa AutoCAD au ArchiCAD sasa hudaiwa karibu katika kila ofisi. Lakini mkuu wa ofisi anajua kuwa programu hufundishika kwa majuma machache, na kwamba fikra hudai muda mrefu zaidi.

Nitoe mfano. Mwaka mmoja waliitwa vijana wawili katika ofisi niliyokuwamo. Wa kwanza alileta picha za hoteli nzuri mno, yenye vioo vitupu kutoka chini hadi juu. Mwenyekiti akamwuliza, “Ukuta huu unatazama wapi?” Kijana akageuza karatasi huku na huku, asipate jibu. Kumbe ulitazama magharibi, ambako jua la alasiri la Dar es Salaam lingewaoka wageni wote humo ndani. Wa pili, binti, alileta zahanati ya vyumba sita. Alisema bila kuulizwa, “Kazi hii tuliifanya watu watatu. Ramani ya sakafu ni ya mwenzangu. Mkato na ngazi nilichora mimi.” Kisha akaonyesha alivyougeuza upande mrefu wa jengo utazame kaskazini na kusini ili kuta zenye madirisha zisipigwe na jua la asubuhi wala la jioni, na alivyoacha nafasi ya kupita upepo wa kusi na wa kaskazi. Tulimwajiri yeye. Wazee wote mezani waliguswa na lile neno lake la kwanza, la kutenganisha kazi yake na ya mwenzake. Mtu asiyejipamba kwa mchoro wa mwingine unaweza kumwamini na jengo la mwingine.

Maswali ya usaili wetu huwa ya namna hiyo. Maji ya paa yanakwenda wapi? Kwa nini ngazi umeiweka hapa? Mgonjwa wa kiti cha magurudumu ataingiaje? (Kanuni inayofahamika ni kwamba kwa kila sentimita moja ya kupanda, mteremko wake uende mbele sentimita 12.) Mwenye nyumba akipungukiwa na fedha, utapunguza nini, na nini hutakigusa? Na mara kwa mara huulizwa: jengo gani unalipenda?

Kwa swali hili la mwisho vijana wengi hukimbilia minara ya Dubai. Si kosa kuipenda, lakini hawajapata kuiona. Mimi humshauri kijana aende kwanza Kariakoo akalitazame Soko Kuu. Lilibuniwa na Beda Amuli, Mtanzania aliyesoma ubunifu majengo Haifa, Israel, na lilifunguliwa rasmi mwaka 1975. Atazame mapaa yake ya zege yaliyo mfano wa miavuli, na jinsi biashara ilivyopangwa hadi chini ya ardhi, mahali ambapo wenyeji hupaita shimoni. Asome pia habari za moto wa Julai 2021 uliolitia hasara kubwa, ajiulize mbunifu wa leo ajifunze nini juu ya moto. Kijana atakayezungumza dakika tano juu ya jengo alilolizunguka kwa miguu yake atasikilizwa.

Kwa usaili wa serikali, utaratibu una sura yake. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huita waombaji kwa tangazo, na aghalabu huanza na mchujo wa maandishi kabla ya mahojiano. Matangazo hayo husisitiza vyeti halisi, kuanzia cha kuzaliwa, pamoja na kitambulisho, na hueleza kuwa kila msailiwa atajigharimia nauli, chakula na malazi. Basi mzazi, ukiweza, tenga fedha hiyo mapema, na vyeti vihifadhiwe mahali pamoja pasipovuja.

Huenda ukauliza kwa nini tunawabana vijana kiasi hiki. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya jiji hili, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo jingine liliporomoka Kariakoo, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Kupima makosa yaliyokuwamo ni kazi ya vyombo vilivyochunguza, nami siingilii. Lakini tangu hapo liko swali ambalo siachi kumwuliza kijana yeyote: “Mwenye jengo akikutaka uongeze ghorofa isiyo katika kibali, naye ndiye anayekulipa, utafanya nini?” Sitaki hotuba. Nataka kusikia kwamba atakataa, ataandika barua, atamweleza mhandisi na mkuu wake wa kazi. Kadhalika napenda kusikia neno “sijui, nitauliza” pale ambapo kweli hajui. Neno hilo halijamwondolea mtu kazi mbele yangu.

Sasa, ndugu mzazi, wewe uliye dereva, mwuguzi, karani au mama lishe, utasema: mimi sikusoma michoro, nitamsaidiaje mwanangu? Jibu ni kwamba wateja wake nao hawatakuwa wamesoma michoro. Watakuwa watu kama wewe. Basi mketishe mezani baada ya chakula, mwambie aeleze kazi yake hadi uielewe. Mwulize jiko liko wapi, moshi utatokea wapi, na mgeni akitaka kunawa atapita chumba cha nani.

Sisi tulifanya hivyo nyumbani majuma matatu. Jirani yetu, ambaye huuza samaki wa kukaanga, aliitazama ramani ya soko aliyoichora mpwa wake wa hiari na kuuliza, “Mwanangu, maji ya kuparia samaki yataelekea wapi?” Kijana akatazama, akatazama tena. Hapakuwa na mfereji. Usiku ule hakulala, alichora upya sakafu yenye mteremko, mfereji na shimo la kunasia magamba. Alipoitwa kwenye usaili uliofuata aliulizwa ni wapi amewahi kubadili mawazo yake, akawasimulia habari za muuza samaki.

Ningependa kukuambia kwamba alipata ajira siku hiyo. La, walimchukua mwingine mwenye uzoefu. Baada ya mwezi ofisi nyingine ndogo ilimwita na kumpa nafasi ya mafunzo, kwa posho iliyotosha nauli na chakula cha mchana tu. Kaka yangu alikasirika. “Nimeuza korosho misimu yote hiyo,” alisema kwenye simu, “mtoto akalipwe nauli? Heri arudi huku tufungue duka.”

Sikumlaumu, kwa sababu hesabu yake ni ya kweli. Zipo ofisi zinazowaweka wahitimu mwaka baada ya mwaka kwa posho, wakichora choo kilekile, bila kufundishwa lolote. Ndiyo maana nilimtuma kijana akaulize mambo manne kabla ya kukubali: nani atanisimamia, naye amesajiliwa? Nitapelekwa kwenye eneo la ujenzi mara ngapi? Nitaliona jengo moja tangu msingi hadi paa? Na posho itatazamwa upya lini? Msailiwa anayo haki ya kuuliza, ilimradi aulize kwa adabu.

Majibu yaliporudi mazuri, nilimweleza kaka yangu ngazi ilivyo. Katika nchi yetu shahada peke yake haimfanyi mtu kuwa mbunifu majengo. Kwa Sheria Namba 4 ya mwaka 2010, hana budi kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, na njia ya kufikia huko ni kazi ya vitendo chini ya mtu aliyesajiliwa, kisha kupimwa. Akisajiliwa, ndipo aweza kusimama kwa jina lake mwenyewe, na hata kufungua ofisi. Kwa hiyo mwaka wa posho chini ya msimamizi mwema ni sehemu ya masomo, na mwaka wa mshahara mnono mahali pasipo msimamizi waweza kumwacha palepale alipoanzia.

Tulipatana hivi: mimi nitoe malazi na chakula, kaka asaidie nauli miezi sita, naye kijana aandike daftari kila jioni, alichokiona, alichokichora, alichokosolewa. Sasa yumo katika mwaka wa pili. Posho imepanda kidogo, usajili bado, na kaka yangu bado ana shaka. Hata hivyo Jumapili hizi swali lake kwenye simu limebadilika. Huuliza, “Lile jengo limefika wapi?” na kijana humweleza habari za nguzo na zege kwa nusu saa nzima.

Basi, ndugu msomaji, ikiwa nyumbani kwako yumo mhitimu anayerudi kila jioni na bahasha yake, usimwulize leo kama amepata kazi. Mwambie alete mchoro wake mezani, na akueleze maji yanakwenda wapi.