Presha Si Mawazo

Kwa ploti yetu hapa Kayole, karatasi ya hospitali husomwa mara mbili. Kwanza mgonjwa anaisoma mwenyewe akitafuta namba na muhuri, halafu analeta kwangu. Niliacha chuo mwaka wa pili, lakini kwa majirani mimi bado ndiye msomi, na malipo ni chai.

Nimesoma za kutosha kujua kwamba Kiingereza ni nusu tu ya shida. Ni kweli kinasumbua. Mama mmoja wa ghorofa ya kwanza aliambiwa arudi kesho yake asubuhi akiwa "fasting". Yeye ni mtu wa kanisa, kwa hivyo alifunga kama wanavyofunga kanisani: hakunywa hata maji, hakumeza dawa, akakesha akiomba. Kumbe walitaka tu akae saa nane hivi bila chakula ndio wapime sukari ya damu. Maji angekunywa.

Basi mtu atasema, tafsirini. Katiba ya 2010, Ibara ya 7, inasema Kiswahili na Kiingereza zote ni lugha rasmi. Sawa. Lakini bango ukutani linasema "shinikizo la damu", na mimi sijawahi kukutana na mtu Kayole mwenye shinikizo la damu. Sisi tuko na presha. Hatuna kisukari pia, tuko na sukari. Na nilipomsomea mathe kwamba apunguze vyakula vya wanga, aliniuliza wachawi wameingiaje hapo.

Halafu hata hayo majina tunayoelewa yanadanganya.

Chukua sukari. Siku mathe alipopata majibu aliacha sukari ya chai papo hapo, na hajairudia mpaka leo. Ugali ukabaki mlima. Kwa nini usibaki? Ugonjwa unaitwa sukari, na ugali si mtamu. Hakuna aliyemwambia kwamba ugali, wali, chapo na viazi vikifika tumboni vinavunjwa kuwa sukari ile ile. Isitoshe, shuleni tulifundishwa kwamba hivyo ndivyo vyakula vya kuupa mwili nguvu. Ukimwambia mtu wa mjengo aache chakula cha nguvu, atakuona umetumwa.

Aliyemsaidia ni sista mmoja wa dispensari. Hakutumia neno gumu hata moja. Alikunja ngumi akasema: ugali usipite hapa. Nusu ya sahani iwe sukuma au kabeji, robo iwe maharagwe, ndengu, samaki au nyama. Mathe akatazama ngumi yake, akauliza kama anaweza kutumia ya babangu.

Presha ndiyo mbaya zaidi. Mtaani presha ni mawazo: kodi, fees, kijana aliyekataa kazi. Mtu akikukasirisha unasema amekupandisha presha. Hapo hata Kiingereza hakisaidii, kwa sababu neno lao la kidaktari, "hypertension", nalo linasikika kama mtu aliyejaa wasiwasi. Lakini presha ya daktari ni nguvu ya damu kwenye mishipa, na mtu mtulivu kabisa anaweza kuwa nayo miaka bila kuumwa hata kichwa.

Kwa ploti tuko na mzee, fundi wa magari aliyestaafu. Alikuwa na deni kubwa, akapimwa, akapatikana na presha, akapewa dawa. Miezi kadhaa baadaye alimaliza deni, akaacha dawa. Kwa hesabu yake hakukosea: mawazo yameisha, presha imeisha. Alianguka bafuni alfajiri moja. Stroke. Mkono wa kulia, ule wa spana, sasa unashika kikombe kwa shida.

Na kuna swali ambalo nimeulizwa na watu watatu tofauti, tena kwa sauti ya chini. Pakiti ikisema 1x3 baada ya chakula, na wewe unakula mara moja kwa siku, unameza ngapi? Hilo si swali la lugha. Mimi huwaambia warudi wakamwambie daktari hivyo hivyo, bila aibu, kwa sababu kuna dawa zinazoweza kupangwa upya na kuna zile ambazo ni hatari kumeza ukiwa na njaa. Wawili waliona aibu.

Septemba 2023 serikali iligawa mikoba ya vifaa kwa wahudumu wa afya ya jamii, takriban 100,000 nchi nzima, ikiwa na mashine ya presha na kipima sukari. Wetu anaishi nyumba chache kutoka hapa. Alimweleza mzee hivi: unajua vile maji hupotea wiki nzima, halafu yakirudi na nguvu paipu inapasuka? Paipu huwa inalia kwanza? Mzee akacheka. Yeye mwenyewe ashaifunga paipu ya ploti kwa mpira mara ngapi.

Anakuja kumpima siku ya Jumamosi. Mwanzoni ilikuwa 168 kwa 102. Juzi ilisoma 138 kwa 86, na mzee akaniita nisome mwenyewe nithibitishe.

"Kijana, si sasa naweza kuziacha?"

Nikamwambia imeshuka kwa sababu anameza. Akanyamaza, akaizungusha pakiti kwa mkono wa kushoto.

"Mpaka lini?"

"Daktari alisema ni za kila siku, mzee."

"Na hizi," akasema, "zimebaki tano."