Akiba Haiozi

Sisi wa Ngara na Biharamulo tuko mbali sana na Dar es Salaam. Njia yake yapita kilometa elfu moja. Kwa hiyo wengi wetu twaijua timu ya Simba kwa sikio kuliko kwa jicho: redio hutangaza, nasi twasikiliza. Timu hiyo iliundwa mwaka 1936, nami naipenda tangu utoto wangu. Lakini wanaokaa moyoni mwangu si wafungaji wa mabao, ambao kila mtu awajua. Ni wale walinda mlango waliosimama langoni siku chache tu, kisha wakasahauliwa.

Kazi ya mlinda mlango wa akiba ni ngumu kuliko watu wadhanivyo. Mchezaji wa mbele aweza kuingizwa dakika za mwisho, hata kama hakuanza mchezo. Mlinda mlango wa akiba hukaa mwezi baada ya mwezi bila kuingia. Hufanya mazoezi sawasawa na mwenzake, huvaa glavu zake, kisha huketi. Mara nyingi zamu yake haiji mpaka mwenzake aumie.

Mwaka 2023 jambo hilo lilitokea. Mwezi wa Aprili Aishi Manula, mlinda mlango mkuu wa Simba, aliumia. Akasimamishwa Ally Salim, kijana aliyekuwa wa tatu kwa zamu. Tarehe 16 alicheza na Yanga, na Simba ikashinda mabao 2 kwa 0. Tarehe 22 ilikuja Wydad ya Morocco, mabingwa wa Afrika wa mwaka uliotangulia, nayo ikafungwa bao 1 kwa 0. Katika marudiano huko Casablanca Wydad walilipa bao lile, na Simba ikatolewa kwa penalti. Lakini tarehe 13 Agosti, mjini Tanga, Simba na Yanga waligombea Ngao ya Jamii bila kufungana. Penalti zikapigwa, na Ally Salim akazizuia tatu. Ngao ikawa ya Simba.

Je, baada ya hayo alikaa langoni miaka mingi? La. Mwaka ule ule aliletwa Ayoub Lakred kutoka Morocco, na mwaka 2024 Moussa Camara kutoka Guinea. Kijana akarudi kuketi.

Mambo haya si ya kwetu tu. Huko Marekani kuna mchezo wa besiboli, ambao mmoja hutupa mpira na mwingine huupiga kwa gongo. Mwaka 1905 Archibald Graham aliingizwa katika timu ya New York Giants mwishoni mwa mchezo mmoja. Mchezo ukaisha kabla zamu yake ya kupiga haijafika, wala hakuichezea tena timu hiyo. Alikuwa daktari, akawatibu watu wa mji mdogo wa Chisholm kwa miaka mingi.

Mdogo wangu naye alikuwa mlinda mlango wa akiba katika timu ya kijiji chetu. Kwa miaka mitatu alisimama michezo miwili tu, kisha akaumia goti, akaacha. Watu wakasema, "Huyu hakucheza mpira." Neno hilo lilimchoma, nami lilinichoma pia, kwa maana nilimwona akiamka alfajiri, umande ungali katika majani ya migomba, akienda uwanjani kujizoeza kwa mchezo asioahidiwa.

Wahenga walisema, "Akiba haiozi." Lakini haiozi kwa kuwa imetunzwa. Kama Ally Salim angalilala miezi ile yote akingoja jina lake litajwe, siku ya Tanga ingalimkuta mikono mitupu. Basi, wanafunzi, mkihesabu wachezaji wa timu yenu, msihesabu kumi na mmoja tu. Mhesabuni na yule aketiye kando na glavu zake mapajani, naye amekwisha kujiweka tayari.